Sura ya Sita: Petroli, Umeme na Kifungo cha Shati

Mashine yangu ya kwanza ya kukatia michongoma niliinunua kwa sababu ya mlio wake. Muuzaji aliivuta kamba mara mbili, ikawaka, moshi wa bluu ukajaa dukani, vijana wawili waliokuwa wakipita nje wakasimama kutazama, nami nikatoa pesa. Sikuuliza uzito wake. Sikutazama meno yake yameachana kiasi gani. Nyumbani Moshi nina ua wa miti wa mita sitini hivi: upande wa barabarani ni michongoma yenye miiba mirefu, ile ambayo Wakenya huiita kayaba, mbele ya nyumba ni duranta, na mpakani na jirani ni masale. Nilikuwa nimechoka kuuona ukikatwa kwa panga, mwezi huu umenyooka, mwezi ujao una mabonde na vilima kama barabara ya kijijini.

Nilimkabidhi mzee anayenitunzia bustani. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwalimu," akaipeleka stoo. Kwa muda wa miezi minne, kila nikirudi kutoka kazini siku ya kukata nilikuwa naisikia ikinguruma tangu kwenye kona, na moyo wangu ukitulia kwamba pesa haikupotea. Halafu siku moja gari liliniharibikia njiani, nikarudi kwa miguu. Nilimkuta anakata kwa mkasi wa mkono, taratibu, huku akiimba chini kwa chini. Mashine ilikuwa imelazwa pembeni juu ya gunia, imejaa mafuta, tayari. Kumbe ilikuwa ikiwashwa anaposikia gari langu likikata kona.

"Mzee wangu, mashine ina nini?"

"Haina kitu, mwalimu. Nzima kabisa."

"Sasa?"

Akanyoosha vidole vyake mbele yangu. "Nikiishika nusu saa, usiku sifungi kifungo cha shati."

Katika sura zilizotangulia nimezungumzia vifaa ambavyo mwenye nyumba huvinunua na kuvitumia mwenyewe. Hiki ni tofauti. Kwetu sisi, anayenunua mashine ya bustani na anayeishika ni watu wawili, na wa kwanza mara nyingi yuko ofisini wakati wa pili ametetemeka mpaka kwenye mabega. Ndiyo maana ushauri mwingi wa madukani haufai. Unamlenga mwenye pochi, na mwenye pochi hupenda kusikia habari za nguvu.

Basi tuanze na hiyo nguvu, tuimalize. Ndani ya kila mashine ya aina hii, iwe ya petroli, ya waya au ya betri, kazi inafanywa na kitu kilekile: mapanga mawili marefu, bapa, yenye meno pembeni, yamelazwa moja juu ya jingine. Mota inazunguka. Giaboksi ndogo inageuza mzunguko ule kuwa mwendo wa kwenda na kurudi, kwa mashine nyingi panga moja likisogea mbele jingine linarudi nyuma, mara elfu kadhaa kwa dakika. Tawi likiingia kati ya meno linabanwa na kukatwa kama kwenye mkasi. Lisipoingia, halikatwi, hata ukifunga injini ya trekta nyuma yake. Mashine ndogo za nyumbani zina nafasi ya milimita 16 hadi 20 kati ya jino na jino. Zile za wakandarasi hufika milimita 30 na zaidi. Kwa hiyo ukitaka kujua mashine itakata nini, iache lebo ya wati, pima kwa kidole gumba. Kikipita kati ya meno (mashine ikiwa imezimwa, na waya au betri imechomolewa, tafadhali), umejua tawi lake kubwa kabisa. Linalozidi hapo ni la msumeno.

Mota ya umeme ya wati 500 inatosha kabisa kwa meno ya milimita 20. Injini ya petroli ya kawaida, yenye silinda ya sentimita za ujazo 20 hadi 27, au "sisi" 27 kama wasemavyo mafundi wa pikipiki, inatoa zaidi kidogo ya hapo, na ziada hiyo ina faida pale tu ambapo meno ni mapana na matawi yamekomaa. Kwa duranta inayokatwa kila mwezi ziada hiyo ni mlio tu.

Kama nguvu si hoja, petroli ilipataje enzi? Jibu lipo katika historia ya ndugu yake mkubwa, msumeno wa mnyororo. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitoa msumeno wake wa kwanza wa kukatia miti, na ulikuwa wa umeme. Ulihitaji watu wawili kuubeba, lakini ulikata. Wake wa petroli ulikuja miaka mitatu baadaye, 1929. Yaani kwake umeme ulitangulia. Kilichoushinda ni kwamba msituni hakuna soketi. Petroli ilichukua misitu, mashamba na bustani kubwa kwa sababu ya waya, na mpaka leo, ukiondoa maneno yote ya wauzaji, swali la petroli au umeme ni swali la waya: unafika au haufiki, na usipofika, utalipa nini ili usiuhitaji.

Petroli inalipwa kwa namna ambazo hazionekani siku ya kununua. Injini hizi karibu zote ni za mipigo miwili. Hazina sehemu ya oili peke yake. Oili inachanganywa na petroli, na mchanganyiko huo ndio unaolainisha kila kitu ndani. Wavuvi wa pwani wenye injini za boti wanaujua mchezo huu tangu utotoni. Mtu wa bara aliyezoea pikipiki ya mipigo minne haujui, na hapo ndipo mashine nyingi hufa. Mashine inayotaka moja kwa hamsini inataka mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Inayotaka moja kwa ishirini na tano inataka mililita 40. Ukimimina petroli tupu, injini itawaka vizuri tu, tena kwa furaha, na baada ya dakika chache itanoki. Ukizidisha oili itafuka moshi na plagi itajaa masizi. Oili yenyewe iwe ya injini za mipigo miwili. Ile iliyobaki kwenye dumu baada ya kumwaga oili ya gari haifai hata kama bosi amesema itumike.

Halafu kuna suala la kukaa. Ua wa nyumbani hukatwa mara moja kwa mwezi, wakati wa kiangazi hata mara moja kwa miezi miwili. Petroli iliyochanganywa haipendi kusubiri. Ndani ya wiki kadhaa inaanza kuchakaa, sehemu nyepesi zinapotea hewani, na kinachobaki kinaganda kama gundi katika vitundu vya kabureta ambavyo sindano ya kushonea haipiti. Yangu ilikataa kuwaka baada ya masika ya kwanza. Fundi wa pikipiki mtaani aliifungua, akaisafisha kwa petroli mpya na brashi ya meno, akanitoza kidogo, akaniambia kitu ambacho kingepaswa kuandikwa kwenye boksi: ukimaliza kazi, mwaga tenki, kisha iache iungurume mpaka ijizime yenyewe.

Hilo la fundi, hata hivyo, ndilo sifa kubwa ya petroli kwetu, na sijaliona likitajwa katika maelezo yoyote yanayoandikwa Ulaya. Kabureta inatengenezeka. Plagi inapatikana Himo, inapatikana Same, inapatikana kwenye duka lolote lenye matairi yaliyoning'inia nje. Kamba ya kuvutia ikikatika, kijana atafunga nyingine wakati unakunywa chai. Mashine ya petroli ni kitu cha dunia ya mafundi, na dunia ya mafundi tunayo.

Ya waya ni mtoto asiyesifiwa wa familia hii. Ni nyepesi, mara nyingi kilo tatu hadi nne wakati ya petroli inasogea kilo tano au sita pamoja na mafuta. Ni rahisi kuliko zote. Haina kuvuta, haina kuchanganya, haina kuganda. Unachomeka, unakata, unachomoa. Kuhusu gharama ya kuiendesha, mwenye mita ya LUKU anaweza kujipigia hesabu: kwa mtumiaji wa kawaida shilingi elfu kumi zinatoa yuniti 28 hivi, kwa hiyo mashine ya wati 500 ikifanya kazi saa nzima bila kupumua inakula nusu yuniti, chini ya shilingi mia mbili. Ya petroli kwa saa ya kazi nzito inaweza kumaliza karibu nusu lita, na bei ya lita, kila mamlaka ya EWURA inapotangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, imekuwa ikizunguka karibu na elfu tatu. Bado hujanunua oili.

Lakini waya, hapo kwenye mikono ya mtu, unataka akili. Mashine imetengenezwa kukata kila kinachoingia kwenye meno, na waya wake unaingia vizuri sana. Watu wengi hudhani sakiti breka ya kwenye bodi itawaokoa. Breka ya kawaida inalinda nyaya za nyumba zisiungue. Mwili wa mtu unaweza kupitisha umeme wa kumuua bila breka hiyo kushtuka. Kinachomlinda mtu ni kile kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja kiasi cha miliampea 30, chenye kitufe cha kujaribia usoni. Nyumba nyingi za zamani hazina. Kama yako haina, kipo cha kuchomeka kwenye soketi, na kinunuliwe siku hiyohiyo na mashine. Ekstensheni iwe kipande kimoja, isiwe na maungio yaliyozungushiwa tepu nyeusi, na kama imo kwenye gurudumu ikunjuliwe yote, maana waya uliokunjwa ukipitisha umeme kwa muda unapata moto. Aanzie karibu na soketi akielekea mbali nayo, waya ukipita juu ya bega na kulala nyuma yake, upande uliokwisha kukatwa. Na asubuhi yenye umande asubiri jua lipande. Hayo si mengi, lakini anapaswa kuambiwa na mtu, na aliyenunua ndiye mwenye kazi ya kumwambia.

Kwa mita thelathini kutoka ukutani, mimi nasema waya. Nimeshabishana na marafiki juu ya hili. Mmoja aliniuliza kama ninataka mtunza bustani wake aonekane kama anapiga pasi ukuta. Ndiyo, nataka hivyo.

Betri ndiyo iliyovuruga hesabu za zamani. Betri za lithiamu-ioni zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, kwa ajili ya kamera za video, na wanasayansi watatu walioziwekea msingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Kati ya miaka hiyo miwili zilitoka kwenye kamera zikaingia kwenye simu, kompyuta, vifaa vya mafundi, na mwishowe mikononi mwa watu wa bustani. Sasa mtu anaweza kwenda mbali na soketi bila kubeba moto.

Usisome volti peke yake kwenye betri. Zidisha volti kwa ampea-saa, upate wati-saa, ndipo ulinganishe. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 4 ina wati-saa 72. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 2 nayo ina wati-saa 72 zilezile, hata kama muuzaji anaitamka thelathini na sita kwa sauti ya juu zaidi. Wati-saa 72 kwenye ua laini zinaweza kukupa dakika arobaini na zaidi, kwa sababu mota haivuti kwa nguvu yote muda wote. Kwenye matawi magumu zitakwisha mapema. Kuijaza ni chini ya shilingi hamsini za umeme. Ndiyo, hamsini. Gharama yenyewe iko mahali pengine: betri ya ziada mara nyingi inakaribia nusu ya bei ya mashine, betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, na miaka mitano baadaye, itakapochoka, utarudi dukani kukuta kama wanaendelea kuleta ya aina ile. Kwa hiyo hapa unanunua duka pamoja na mashine. Muulize muuzaji akuonyeshe betri ya akiba kwenye rafu, wakati huohuo, uishike. Akisema "tutaagiza", mshukuru uondoke.

Adui yake mwingine ni stoo zetu. Betri ya lithiamu iliyojazwa kabisa na kuachwa chini ya bati, mahali ambapo mchana huwezi kugusa kitasa cha mlango, inazeeka haraka kuliko inayofanya kazi kila wiki. Iingie ndani ya nyumba, ikae kivulini, imejazwa nusu hivi kama haitatumika kwa muda. Mzee wangu anaiweka ya kwetu chini ya kitanda chake, kwenye boksi la viatu, na sijathubutu kumwuliza viatu viko wapi.

Narudi kwenye kifungo cha shati, maana ndicho kilichonifanya nianze kusoma.

Mtetemo wa mashine ukipita mikononi kwa miaka unaharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Vidole vinakufa ganzi, vinauma wakati wa baridi, na kwa waliozidiwa vinageuka vyeupe, jambo ambalo kwenye ngozi nyeusi halionekani mapema, kwa hiyo mtu anaambiwa anajisingizia. Uingereza ina kanuni tangu mwaka 2005 zinazomlazimisha mwajiri kupima mtetemo anaoupata mfanyakazi kwa siku na kuupunguza unapofika kiwango fulani. Kipimo chake ni mita kwa sekunde mraba, 2.5 ni kiwango cha kuanza kuchukua hatua na 5 ndio ukomo. Vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi vinaandika namba hiyo kwa kila mshikio. Niliitafuta kwenye kitabu cha yangu. Ilikuwepo, ukurasa ambao sikuwahi kuufungua. Injini ya petroli inapiga na kutikisika kwa asili yake. Mota ya umeme inazunguka tu, na mtetemo unaobaki kwa sehemu kubwa ni wa mapanga yenyewe.

Sauti ni hivyohivyo. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani ni kwamba desibeli 85 sikio linaweza kuvumilia saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Desibeli 88, saa nne. Desibeli 100, dakika kumi na tano. Mashine ya petroli inayoshikwa karibu na kifua iko kwenye eneo hilo la mia moja au chini yake kidogo, na ile ya umeme iko jirani na themanini na kitu. Maana yake ni kwamba mwenye petroli bila vikinga masikio amemaliza posho yake ya siku kabla hajafika kwenye geti. Nami nilikuwa nikiufurahia mlio ule kutoka kwenye kona.

Moshi nao. Kwenye injini ya kawaida ya mipigo miwili, mchanganyiko mpya unaingia kwenye silinda wakati moshi wa zamani unatoka, mlango mmoja ukiwa wazi sambamba na mwingine, kwa hiyo sehemu ya petroli, robo hivi katika injini za kizamani, inapita moja kwa moja hadi kwenye ekzosi bila kuungua. Unanunua lita nne, moja unamnusisha aliyeishika. Wale wa California wamelihesabu jambo hili kwa mashine ya kupulizia majani: bodi yao ya hewa ilikadiria kwamba kuiendesha saa moja kunatoa uchafuzi wa kutengeneza ukungu wa moshi sawa na gari dogo likisafiri kilomita karibu 1,770. Oktoba 2021 gavana wao alisaini sheria, na kuanzia mwaka 2024 injini ndogo mpya za namna hii zinazouzwa kule zinatakiwa ziwe hazitoi moshi. Kwetu sitegemei sheria kama hiyo kesho wala keshokutwa. Lakini soko lile ni kubwa, na viwanda vinavyowatengenezea wao betri ndivyo vinavyotuuzia sisi.

Pamoja na hayo kuna mahali ambapo ningemshauri mtu anunue petroli bila kusita. Mkandarasi mwenye hoteli tatu na shule moja, kutwa nzima, vijana wawili wakipokezana, mbali na soketi: huyo akinunua betri za kutosha siku nzima atakuwa amenunua pikipiki. Mwenye michongoma iliyoachwa miaka miwili naye hana njia nyingine. Kayaba, ambayo asili yake ni Afrika Kusini kando ya Mto Kei na ndiko jina lake lilikotoka, inakomaa ikawa ngumu kama fito, na miiba yake inapenya soli ya kandambili. Wahenga walisema kuparamia mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kuukata ni ngoma nyingine kabisa.

Na kuna miti isiyotaka mashine yoyote. Wa kwanza ni mnyaa. Kuanzia Dodoma mpaka Usukumani boma likizungukwa na minyaa hakuna ng'ombe anayethubutu kuitafuna, na jina la Ziwa Manyara, ambalo sasa ni la mkoa mzima, inaelezwa kuwa linatokana na neno la Kimaasai la mmea huohuo wa kuzungushia boma. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni maumivu makali, na mtu anaweza kukosa kuona kwa siku kadhaa. Ukikata kwa panga unadondoka chini. Mashine inaurusha kama mvua ya manyunyu, usawa wa uso. Kama ni lazima, miwani ya kuziba pembeni na shati la mikono mirefu, na maji ya kutosha karibu. La sivyo rudi kwenye panga, ukiwa umesimama upande upepo unakotoka.

Wa pili ni masale, kwa sababu isiyohusiana na ufundi. Mzee ni Mchagga. Kwake jani la isale ni kitu anachopeleka mtu aliyekosa anapokwenda kuomba radhi, na ni alama ya mpaka ambayo babu yake aliiheshimu kuliko hati. Siku ya kwanza nilipomwelekeza aanze na upande wa jirani alinitazama kwa huruma. "Masale hayapigiwi kelele, mwalimu." Yanapunguzwa kwa kisu, jani kwa jani, na jirani akiwepo. Shina lake ni laini hata hivyo, mashine ingelichana badala ya kulikata. Nilikubali sababu zote mbili.

Mashine hizi zina ndugu wengine wenye kesi nzito zaidi kuliko yangu. Mashine ya kuvunia chai si kitu kingine ila hii ya kwetu, ikiongezewa upepo wa kusukuma majani na mfuko wa kuyapokea nyuma. Mei 2023 huko Kericho waandamanaji walizichoma moto, kwa sababu kila moja ilikuwa imeshika nafasi ya wachumaji wengi. Nilikumbuka habari ile niliposimama mbele ya mzee na mkasi wake. Yeye hakuwa na hofu ya kufukuzwa, nilimwuliza. Alikuwa na hofu ya kunivunja moyo.

Kwa hiyo niseme pia neno la mkasi, ambao ndio mshindani wa kweli wa mashine katika nyumba nyingi za huku. Ua wa mita kumi na tano, ukikatwa kila wiki tatu kabla haujakomaa, hauhitaji mota. Unahitaji mkasi mzuri wa mikono miwili, tupa ya kunolea, na kitambaa chenye oili ya kuufuta utomvu. Panga haliko kwenye orodha yangu. Linachana tawi na kuacha kidonda kinachokauka vibaya. Na kwa chombo chochote, chini paachwe papana kuliko juu, ili jua lifike kwenye matawi ya miguuni. Nyua nyingi mjini zimepigwa upara chini kwa sababu ya watu wanaopenda kichwa kinene.

Tulikwenda dukani pamoja mara ya pili, mimi na mzee, hapa hapa Moshi. Kijana wa duka alianza na wati. Mzee alimsikiliza kwa adabu, kisha akaomba aonyeshwe zilipo. Akaichukua ya kwanza, ya petroli, akainyoosha mbele ya kifua kama mtu anayesawazisha juu ya ua, akasimama hivyo kimya. Akairudisha. Akachukua ya waya, akasimama tena. Kisha ya betri, mara mbili, mara ya pili akiwa ameiinua juu ya kichwa.

"Mzee, hutaki kusikia inavyowaka?" kijana akauliza.

"Kuwaka nitasikia nyumbani, mwanangu. Nasubiri kuona bega litaanza kusema saa ngapi."

Tulichukua ya betri, na betri ya akiba ambayo ilikuwa kwenye rafu. Ya waya ingefika kwenye duranta yote, lakini ua wa barabarani uko mbali na soketi, na mzee alisema hataki kuvuta mkia getini mbele za watu. Sikubishana, bega lilikuwa lake.

Ya petroli bado ipo stoo, imemwagwa mafuta. Inawashwa mara mbili kwa mwaka, kwa ajili ya kayaba inapokomaa, na mara zote mzee huniletea mimi kwanza, na glovu juu yake. "Leo anza wewe, mwalimu, mimi nitamalizia." Mara ya mwisho nilifika mita nane. Jioni ile, kabla ya kutoka kwenda kwenye kikao cha mtaa, nilivua shati nikavaa fulana.